Barua ya wazi: Tuonyesheni bustani ya saa saba mchana

Kwa: Mkurugenzi wa Mazingira, Mkurugenzi wa Mipango Miji, na Wajumbe wa Kamati ya Ardhi ya Bunge la Kaunti

Nakala: Wawakilishi wa wadi zinazopakana na bustani

KUH: MATUMIZI YA UHALISIA PEPE KATIKA UKARABATI WA BUSTANI YA UMMA

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zetu za heshima. Tunawaandikia hadharani kwa sababu barua tulizopeleka masjala zilipigwa muhuri wa kupokelewa na hazikujibiwa, na hoja tulizotoa kwenye kikao cha kushirikisha umma hazikuonekana katika mpango uliofuata. Jina la mji tumeliacha nje ya barua hii. Nyinyi mnajijua, na tunajua iko miji mingine ya pwani inayofikiria jambo hilihili.

Mpango wenu una sehemu mbili. Kwanza, wananchi wavalishwe miwani ya uhalisia pepe, yaani yenye skrini inayomfanya mvaaji ajione yumo ndani ya picha ya kompyuta, ili waione bustani mpya kabla haijajengwa. Pili, ukarabati ukiisha, kijengwe ndani ya bustani kituo cha uhalisia pepe cha kulipia, pale palipo na miti ya mikungu na uwanja wa mchanga wanapochezea watoto. Sehemu ya kwanza tunaiunga mkono, ila irekebishwe. Ya pili tunaipinga.

Hatuandiki kwa kuogopa teknolojia. Wapangaji mandhari, mafundi wa kompyuta na watunza vitalu walioungana kuandika barua hii wanazijua modeli hizi, yaani michoro ya kompyuta inayotazamwa kwa miwani, na wanaujua udongo wa pwani. Kenya yenyewe ina mfano mzuri. Mradi wa Block by Block, ulioanzishwa mwaka 2012 na UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, pamoja na kampuni ya Mojang, uliwapa wakazi wa Nairobi mchezo wa kompyuta wa kampuni hiyo, Minecraft, wajenge upya kwa mikono yao modeli ya bustani ya Jeevanjee Gardens. Haikuwa miwani, ilikuwa kompyuta ya kawaida, lakini jambo la msingi lilikuwepo: aliyekaa mbele ya skrini aliweza kung'oa benchi akaliweka kwingine, na mchoro ukabadilika. Katika mpango wenu mwananchi anavishwa miwani, anatazama, anavua, anatia sahihi karatasi ya mahudhurio. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha malalamiko yetu.

1. Miti ya kwenye modeli haitakuwepo siku ya ufunguzi

Kompyuta iliyomo ndani ya miwani inayojitegemea, isiyounganishwa na kompyuta nyingine, ni ndogo. Mchoraji hulazimika kujibana ndani ya pembetatu (vipande vidogo vinavyounda maumbo ya modeli) laki chache, hadi milioni moja hivi, kwa kila picha, na picha hizo lazima zitoke 72 au 90 kwa sekunde. Zikipungua, mtazamaji hupatwa na kichefuchefu. Kwa hiyo mchoraji huchukua mti mmoja uliokwisha kukomaa, huunakili mara nyingi, huzungusha kila nakala kidogo ili isigundulike, kisha huijaza bustani. Ni mbinu halali ya kazi. Tatizo ni kwamba mwananchi anaonyeshwa bustani ya mwaka wa ishirini na kudhani ndiyo atakayofunguliwa mwakani.

Mche wa kutoka kitaluni huwa na urefu wa nusu mita hadi mita moja. Mvinje hupanda haraka, lakini kivuli chake ni chepesi. Mwarobaini hujitahidi hata kwenye udongo duni. Mkwaju na mwembe wa kienyeji hutoa kivuli kizito, lakini huchukua miaka mingi. Mikungu mnayotaka kuikata tayari ina kivuli hicho leo, na hakuna mche utakaowarudishia kabla ya watoto wanaocheza chini yake kuwa watu wazima.

Kisha kuna saa. Modeli mliyoionyesha imewekwa jua la jioni, kivuli kirefu na mwanga wa dhahabu. Mji ulio nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kama Mombasa, hupigwa na jua la utosini mara mbili kwa mwaka: karibu tarehe 10 Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba. Mwezi Machi, saa sita na nusu mchana, ukuta hautoi kivuli upande wowote, wala nguzo, wala ule uzio wa mapambo mliouchora kando ya njia. Kinachotoa kivuli ni kile kilicho juu ya kichwa tu: matawi, turubai au paa. Hapo ndipo uwanja mpana wa kabro (matofali ya kusakafia), unaopendeza sana jioni kwenye miwani, unapogeuka mahali pasipokalika.

Kulirekebisha hili ni kazi ya dakika chache. Programu za kuchora majengo na mandhari zina sehemu ya kuingiza latitudo, longitudo, tarehe, saa na upande wa kaskazini. Kosa la kawaida ni kuiacha kaskazini ya modeli kama ilivyokuja na programu, bila kuilinganisha na kaskazini ya uwanja, na hapo vivuli vyote huangukia upande usio wao. Kulipima ni rahisi: msimamisheni mtu uwanjani saa tatu asubuhi, tazameni kivuli chake kinaelekea wapi, kisha wekeni saa hiyohiyo kwenye modeli. Visipofanana, modeli irudi kwa mchoraji.

2. Ardhi ya modeli ni bapa, ardhi ya bustani si bapa

Kila mkazi anajua kona ya bustani inayogeuka ziwa wakati wa masika. Kwenye miwani kona hiyo ni kavu, kwa sababu modeli ilijengwa juu ya ardhi bapa. Kabla ya kuchora chochote ardhi ipimwe, ipatikane ramani yenye kontua, yaani mistari ya kuonyesha miinuko, za kila sentimita 25. Droni inaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo ikiwa na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Picha zake zifunikane asilimia 75 hadi 80 kwa mbele na 60 hadi 70 kwa ubavu, na ziwepo alama za chini zisizopungua tano zilizopimwa kwa GPS ya upimaji, nne pembeni na moja katikati. Zikikosekana alama hizo, modeli huweza kupinda katikati ikaonyesha mteremko ambao haupo. Chini ya miti droni haioni kitu. Hapo fundi apime kwa mkono, maana ndipo penye mizizi, na mizizi ndiyo inayopindua kabro.

3. Modeli inatazama kwa macho ya mtu mzima aliyesimama

Kwa kawaida kamera ya modeli huwekwa kimo cha mita 1.6 hadi 1.7. Mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu hutazama kwa kimo cha mita 1.2 hivi, na mtoto wa miaka sita ni mfupi zaidi. Shusheni kamera hadi mita 1.1 mpite njia zenu wenyewe. Ule ukingo wa maua mtakuta umefunika njia panda, na meza ya kuuzia maji imekuwa ukuta. Kisha pimeni njia: mita 1.8 kama viti viwili vitapishana, mita 1.5 kwa 1.5 pa kugeuzia, mteremko usiozidi 1 kwa 12. Miwani ni hodari sana kwa kazi hii. Mchoro wa karatasi hauwezi kumfanya mkurugenzi mwenye miguu mizima akwame kwenye ngazi, miwani inaweza. Ibara ya 54 ya Katiba inampa mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali. Tumieni kifaa hiki kuthibitisha hilo kabla ya zege kumwagwa.

4. Hesabu ya muda haitoshi

Mtu mmoja anahitaji dakika tano ndani ya miwani ili aone kitu cha maana. Ongezeni dakika tatu za kufuta, kurekebisha mkanda na umbali wa lenzi, na kumwelekeza. Jumla dakika nane. Miwani minne huhudumia watu 30 kwa saa. Kwenye baraza la saa mbili ni watu 60. Wakija 200, itachukua karibu saa saba, na betri ya miwani ya aina hii huisha kwa saa mbili hivi. Kwa hiyo wengi walioandikwa kuwa wameshirikishwa hawakuivaa kabisa.

Dawa yake tunaijua. Anachokiona aliyevaa miwani kirushwe kwenye skrini kubwa kupitia ruta ndogo ya hapohapo, haihitaji hata intaneti, ili umati uone na ujadili pamoja. Kila miwani iwe na betri ya akiba. Maandishi na sauti vyote viwe kwa Kiswahili. Na maonyesho yadumu wiki nzima, yazunguke: soko la samaki alfajiri, shule mchana, karibu na msikiti baada ya swala ya alasiri, kanisani Jumapili.

Tena, wanawake wengi wa mji huu huvaa mtandio au buibui. Mkanda wa miwani ukivutwa juu ya mtandio, mtandio huchomoka mbele za watu. Wekeni pazia, mhudumu mwanamke, na miwani yenye mkanda mpana unaofungwa kwa gurudumu la nyuma, usiohitaji kupitishwa kichwani kwa nguvu. Hili ni dogo kulitekeleza, na lisipotekelezwa nusu ya mji hukaa nje ya mjadala.

5. Jua, jasho na macho mekundu

Lenzi ya miwani hukusanya mwanga pande zote mbili. Ikiachwa imeelekea jua, hata chini ya dakika moja, skrini huungua madoa yasiyofutika. Jua kali pia huzivuruga kamera zinazofuatilia mikono na sakafu, na giza huzivuruga vilevile. Panapofaa ni hema lenye paa zito na kuta za turubai, mwanga wa kutosha, feni, na joto lisizidi nyuzi 35, ambacho ndicho kiwango cha juu wanachotaja Meta, watengenezaji wa miwani ya Quest.

Usafi ndio unaotutia hofu zaidi. Mwanzoni mwa 2024 macho mekundu yalienea pwani ya Kenya, na yalikuwa yametapakaa Zanzibar na Dar es Salaam pia. Ugonjwa huo aghalabu huletwa na virusi vya adeno, vinavyoweza kukaa hai kwenye plastiki siku nyingi, na spiriti haiviui kwa uhakika. Kufuta sponji ya usoni kwa tishu, kama ilivyofanyika, si kuisafisha. Sponji inywayo jasho iondolewe, liwekwe gamba la silikoni linalotoka. Kila miwani iwe na magamba matatu: moja usoni, moja kwenye maji ya sabuni, moja linakauka. Dawa ya kuua vijidudu iwe ile ambayo lebo yake inataja virusi vya adeno, na muda wa kuiacha juu ya gamba kabla ya kufuta uheshimiwe. Lenzi zifutwe kwa kitambaa laini kikavu peke yake, maana spiriti huziharibu. Mwenye jicho jekundu au linalotoa tongo asivae, apelekwe kwenye skrini. Na ugonjwa ukizuka tena mjini, miwani ifungiwe kabatini mpaka upite.

6. Mwendo wa mwili ni alama ya mtu

Miwani hurekodi kichwa na mikono inavyosogea, mara nyingi kila sekunde. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba kati ya watu zaidi ya 50,000, mtu mmoja aliweza kutambuliwa kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 94 kwa sekunde 100 tu za mwendo huo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka tathmini ya athari pale penye hatari kubwa, na ridhaa ya mzazi kwa data ya mtoto. Hatujaoneshwa tathmini, wala hatujaambiwa akaunti zilizomo kwenye miwani ni za nani, data inakwenda seva gani na inafutwa lini.

7. Kituo ndani ya bustani

Kila mvaaji anahitaji nafasi tupu ya mita 2 kwa 2 asipige wenzake, na ukiongeza njia ya kupita ni mita 3 kwa 3. Chumba cha mita 9 kwa 6 kinachukua watu sita, basi. Kampuni ya Meta imeweka umri wa chini kuwa miaka 10, tena chini ya akaunti ya mzazi, na Sony imeweka miaka 12 kwa miwani yake. Watoto wanaotumia uwanja ule wa mchanga wengi wao hawajafika umri huo. Mnawaondoa watoto ili mjenge mahali ambapo watoto haohao hawaruhusiwi kuingia.

Kituo kitataka kiyoyozi mchana kutwa, umeme, mlinzi, na vipuri vya kuletwa kutoka nje, huku hewa ya chumvi ikila viunganishi vya chaji. Kifaa chenyewe hakikai. Quest ya kwanza ilitoka Mei 2019. Mwaka 2023 ilikuwa imekwisha nyimwa vipengele vipya, na 2024 ikakoma kupewa marekebisho ya usalama. Ndiyo miaka ambayo mkungu uliopandwa siku hiyohiyo unaanza kutandaza matawi.

Shirika la Afya Duniani, ofisi ya Ulaya, linapendekeza mkazi wa mjini asikae mbali zaidi ya mita 300 na eneo la kijani la umma lenye angalau nusu hekta hadi hekta moja. Mtaa wetu una bustani hiyo moja. Kila mita ya zege ndani yake inatoka kwa watu wasio na ua nyumbani.

Tunajua mtakayosema

Mtasema vijana wanataka teknolojia. Ni kweli, na kuna njia isiyohitaji tofali hata moja. Uhalisia ulioongezwa huonyesha picha kupitia simu aliyonayo mtu juu ya kile anachokitazama: jina la mti, historia ya kisima, jahazi lilivyotia nanga hapo zamani. Tahadhari moja. Mwaka 2016 mchezo wa Pokémon Go ulijaza watu kwenye bustani za Milwaukee, Marekani, nyasi zikakanyagwa na taka zikazagaa. Serikali ya eneo hilo ikadai michezo ya aina hiyo iombe vibali, na mwaka 2017 mahakama ikaisimamisha amri hiyo. Andaeni mapipa, vyoo na njia kabla ya kualika umati.

Mtasema mfadhili ametoa fedha za kituo, si za miti. Mwambieni mfadhili ukweli huu. Vifaa vilevile vinaweza kukaa maktaba ya kaunti, penye paa, umeme na mkutubi, na bustani ikabaki bustani.

Mtasema kuna wagonjwa na wazee wasioweza kufika bustanini, na uhalisia pepe utawafikia. Hoja hii tunaikubali kwa moyo wote. Rekodini bustani kwa kamera ya nyuzi 360, kamera ikiwa juu ya mguu mmoja usiotikisika, dakika tano kila mahali, na sauti ya hapohapo ya kunguru, mawimbi na watoto. Pelekeni wodini. Mgonjwa aitazame akiwa amelala, bila kusogezwa ndani ya picha, maana kinachotia kizunguzungu ni macho kuona mwendo ambao mwili hausikii. Lakini filamu hiyo inahitaji bustani halisi ya kurekodiwa.

Mtasema umma ulishirikishwa na karatasi zipo. Ibara ya 10 ya Katiba inautaja ushiriki wa wananchi kuwa tunu ya taifa. Mtu aliyeonyeshwa jua la jioni na miti ya miaka ishirini hajapewa taarifa ya kumwezesha kushiriki.

Tunachoomba

(a) Zabuni ya kituo isimamishwe, na mikungu na uwanja wa mchanga viandikwe kwenye mpango kuwa haviguswi.

(b) Modeli itengenezwe upya juu ya vipimo halisi vya ardhi, ionyeshe bustani siku ya ufunguzi, mwaka wa tano na mwaka wa ishirini. Ionyeshe saa saba mchana mwezi Machi na siku ya mvua kubwa ya Mei. Na iwe na kitufe cha kushusha kamera hadi kimo cha mtoto na cha kiti cha magurudumu.

(c) Modeli iruhusu kuhamisha: benchi, taa, bomba la maji, choo, mti. Kila badiliko lihifadhiwe pamoja na sababu yake, bila jina la aliyelitoa, na ripoti iseme lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa nini.

(d) Faili ya modeli iwekwe wazi katika muundo unaofunguka kwenye kompyuta na simu za kawaida, ili shule na mafundi waikague.

(e) Utaratibu wa usafi na tathmini ya data vitolewe kwa maandishi kabla miwani haijavishwa mtu mwingine.

(f) Mkataba wa mkandarasi umfunge kutunza miche kwa miezi 24 baada ya kupanda, maji yakiwemo, na kupanda tena kila uliokufa. Sehemu ya malipo yake izuiwe hadi miche ihesabiwe uwanjani.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 21, muda uliowekwa na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Katika muda huo tuko tayari kuja na vipimo, kompyuta na wataalamu wetu bila malipo, tukae na mchoraji wenu tuirekebishe modeli pamoja. Tunapendekeza kikao hicho kifanyike bustanini penyewe, saa saba mchana.

Wenu waaminifu,

Wapangaji mandhari, mafundi wa kompyuta, watunza vitalu na wakazi wa mitaa inayoizunguka bustani